Sehemu ya 11: Mwanangu anataka kusoma saikolojia, nimwambie nini?

Sehemu ya 10 tulizungumza juu ya mama aliyejifungua na machozi yasiyokwisha. Nilisema nikirudi nitaandika juu ya chanjo. Nisameheni, chanjo itasubiri wiki moja. Kuna jambo limenikaa kooni.

Juzi nimetoka zamu ya usiku, napanda ngazi za nyumba zetu hizi za Michenzani, miguu haina nguvu, jirani yangu wa ghorofa ya chini akanisimamisha. Binti yake yumo kidato cha nne. Akaniambia, "Nesi, huyu mtoto ananambia anataka kusoma saikolojia. Mie nimemwambia soma udaktari au ualimu, mambo ya wendawazimu utayapata wapi na kwa nini? Hebu kaa naye, mtoe hilo wazo."

Nikakaa naye. Wazo sikumtoa. Nilirudi juu nikiwa nafikiri hivi: mtoto ana hamu ya kusoma akili na tabia za watu, na akiingia kidato cha tano hilo somo hatolikuta popote. Ndio maana leo nataka kukushawishi wewe mzazi kwamba saikolojia ingekuwa somo la kidato cha tano na sita katika skuli zetu, na kwamba kutokuwepo kwake kunatugharimu. Soma mpaka mwisho kabla hujanitukana.

Kwanza nikuhadithie kisa kimoja. Nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asijulikane, na mwenyewe ameniruhusu.

Ilikuwa mwezi wa tano, wakati wa mitihani ya kidato cha sita. Usiku kama saa nne analetwa binti wa miaka 18, kabebwa na mjomba wake, mama yake nyuma analia. Binti anahema haraka haraka, vidole vimekakamaa, midomo ina ganzi, anasema moyo unataka kutoka. Nyumbani walishamsomea, walishammwagia maji, bibi mmoja alishasema ni shetani la ukoo. Tukampima presha, sukari, malaria, tukamsikiliza moyo na mapafu. Kila kitu kizima.

Wodini usiku ule nilikuwa na wagonjwa wengi na tulikuwa wauguzi wawili. Nikamwambia mama yake, tena mbele ya mtoto, "Huyu hana kitu. Mitihani imemzidi, anadeka tu. Mpelekeni akalale."

Maneno hayo niliyasema mie. Nesi mwenye diploma, mwenye mtoto wa kike nyumbani.

Baada ya wiki tatu aliletwa tena. Safari hii alikuwa amejaribu kujidhuru. Alipona, alhamdulillah, na leo yupo anaendelea na maisha yake. Alipopata nguvu nilikaa pembeni ya kitanda chake nikamuomba radhi. Akaniambia, "Nesi, nilidhani moyo wangu mbovu na nyinyi mnanificha. Halafu nikadhani nina wazimu. Sikujua kama kuna kitu cha tatu."

Sikujua kama kuna kitu cha tatu. Mtoto huyu kasoma miaka kumi na tatu. Anaijua fomula ya glukosi. Anajua jani linavyotengeneza chakula na figo inavyochuja damu. Lakini hakuna siku hata moja aliyosimama mwalimu mbele yake akamwambia: hofu ni kitu cha mwili pia. Ukiogopa sana, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, unaanza kuhema kupita kiasi. Ukihema hivyo unatoa kabonidayoksaidi nyingi mno kwenye damu, na hapo ndipo ganzi inapokuja kwenye midomo na vidole vinakakamaa. Inatisha, lakini peke yake haiui, na inapita. Maelezo haya hayafiki hata dakika tatu. Angeyapata darasani, pengine usiku ule angejua kinachompata. Na mimi ningeyasoma vizuri zaidi, nisingemwita mtoto wa watu mdekaji.

Mimi mwenyewe sikufika kidato cha sita. Nilitoka kidato cha nne nikaingia chuo cha uuguzi, na huko ndiko nilikokutana na saikolojia mara ya kwanza. Tuliisoma kidogo, kwa ajili ya mtihani, ikapita. Kwa hiyo ninayoyasema ni ya muuguzi aliyeona pengo kazini na akaanza kujisomea usiku. Mimi si mtaalamu wa saikolojia, jueni hilo kabisa.

Sasa tuulizane, saikolojia ni nini?

Waarabu wanaiita elimu ya nafsi. Ni somo linalochunguza mtu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyoogopa, anavyopenda, anavyojifunza, na kwa nini akiwa kwenye kundi anafanya asiyoyafanya akiwa peke yake. Kutibu wagonjwa wa akili ni tawi moja tu la mti huo. Wengi wetu ukitaja saikolojia tunaona Kidongo Chekundu, na ukitaja Kidongo Chekundu tunaona aibu. Yote mawili ni makosa. Kidongo Chekundu ni hospitali, watu wanakwenda wanatibiwa wanarudi makwao. Na saikolojia ni pana kuliko hospitali.

Nchi nyengine wanaisoma skuli. Uingereza, saikolojia ni miongoni mwa masomo yanayochaguliwa zaidi na wanafunzi wa umri wa kidato cha tano na sita. Mitihani ya Cambridge inayofanywa na skuli za kimataifa duniani inayo saikolojia, na ile ya IB inayo pia. Maana yake mtoto wa mwenye uwezo, skuli ikiwa inalifundisha, anaweza kulisoma. Mtoto wa skuli ya serikali hana njia.

Sisi kidato cha sita tunafanya mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania, bara na visiwani. Mwaka 2024 ilitangazwa orodha mpya ya tahasusi, au kombi kama watoto wanavyosema. Zikafika 65, na 49 kati yake ni mpya. Humo mna muziki, mna michezo, mna Kichina. Nilifurahi, kwa sababu watoto hawafanani. Lakini nilipoitafuta saikolojia sikuiona. Tumepata nafasi ya kufundisha lugha ya watu walio ng'ambo ya bahari, na ni jambo zuri, ila nafasi ya kumfundisha mtoto kilichomo kichwani mwake mwenyewe hatukuipata.

Na kinachoniuma zaidi, mambo wanayoyasoma wenzetu kwenye somo hilo mengine yametoka kwetu.

Chukua hili la kwanza, linatuhusu sisi kina mama. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja anaitwa Mary Ainsworth alikwenda Uganda. Akakaa na kina mama wa Kiganda vijijini karibu na Kampala. Familia 26, watoto wachanga 28. Aliwatembelea majumbani, akawa anatazama tu: mtoto analia mama akitoka? Mama anamuitika vipi? Mtoto akitambaa mbali, anarudi kumtazama nani? Kutokana na kina mama wale aliona kwamba mtoto anayeitikiwa vizuri na mama yake anakuwa na moyo wa kwenda kuchezea mbali, kwa sababu anajua ana pa kurudi. Mwaka 1967 akaandika kitabu juu ya watoto wa Uganda, na kazi yake ni miongoni mwa misingi ya elimu ya mapenzi kati ya mama na mtoto duniani kote. Leo binti wa miaka 17 London jina la Ainsworth linamjia kwenye mtihani. Mama wa Kiganda aliyembeba mwanawe mgongoni ndiye aliyefundisha dunia, na binti wa Kiganda, na wa Unguja, halijui somo lenyewe. Siku shoga yako akikwambia "mwache mtoto alie, ukimbeba sana atadeka", ingependeza uwe na jibu lililotoka Afrika Mashariki.

La pili. Tarehe 30 Januari 1962, skuli ya wasichana ya Kashasha, mkoa wa Kagera tunaouita hivyo leo, wanafunzi watatu walianza kucheka. Wakashindwa kuacha. Wakafuatia wengine, na wengine, wanacheka na kulia, mpaka wakafika 95 kati ya wanafunzi 159. Mwezi wa tatu skuli ikafungwa, watoto wakapelekwa makwao, na kicheko kikafika vijijini kwao. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu wasivione. Waliandika ripoti yao mwaka 1963, na mpaka leo kisa hicho kinatajwa duniani pakizungumzwa jinsi hofu na dhiki zinavyoweza kupita kutoka mtu mmoja hadi mwengine na kutoka kwenye mwili kama ugonjwa. Sasa niambie, ni mara ngapi umesikia skuli fulani wasichana wanaanguka, wanapiga kelele, mmoja akianza darasa zima linafuata? Tunaita mganga, tunafunga skuli, mara nyengine tunamtafuta mtu wa kumsingizia. Watoto wanarudi na hofu ile ile, hakuna aliyekaa nao akawauliza, "Nini kinakutisheni hapa?"

La tatu mnalijua kuliko mimi. Mwaka 1995, Pemba na kisha Unguja, ule mtafaruku wa Popobawa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wakilala nje kwa makundi, wanaume macho mpaka alfajiri. Mie sisimami hapa kukwambia usiamini jambo la ghaibu, hilo ni la dini yako na moyo wako. Nakwambia kitu kimoja tu ambacho hospitali tunakijua: kuna hali mtu anazinduka usiku, akili imeamka lakini mwili bado umelala, hawezi kujigeuza, anahisi kifua kimekaliwa na kuna mtu chumbani. Wazee wetu walikuwa na jina lake zamani, jinamizi. Hali hiyo imechunguzwa, inatokea dunia nzima, na inawapata zaidi watu waliochoka na wasiopata usingizi wa kutosha. Sasa fikiria mji mzima haulali kwa hofu ya kitu hicho hicho. Mtoto aliyesoma jambo hili skuli atawatuliza ndugu zake. Asiyesoma atapiga kelele pamoja nao.

Haya, najua mnayotaka kuniambia. Nimeyasikia yote ngazini, kwenye gari na kliniki.

"Nesi, hayo ni mambo ya kizungu, sisi tuna dini yetu." Dada yangu, kuna mwanachuoni wa Kiislamu akiitwa Abu Zayd al-Balkhi, alifariki mwaka 934. Aliandika kitabu, jina lake ukilitafsiri ni Maslahi ya Miili na Nafsi. Sehemu moja mwili, sehemu nyengine nafsi. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili na kuisahau nafsi. Aliandika juu ya hasira, huzuni, hofu na wasiwasi unaomrudia mtu. Na alishauri mtu akiwa mzima ajiwekee fikra njema za kumsaidia siku ya dhiki, kama nyumba inavyoweka dawa kabla ya kuumwa. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita! Huyo hakuwa Mzungu. Mtoto akisoma elimu ya nafsi anarudi kwenye kitu ambacho Waislamu walikuwa nacho. Sala na dua zibaki pale pale, hakuna anayeziondoa. Mtoto akivunjika mguu unamsomea na unampeleka hospitali. Na nafsi ni vivyo hivyo.

"Kazi atapata wapi?" Suali la haki kabisa, kwa sababu ada unalipa wewe. Lakini niulize na mimi: historia inampa kazi gani moja kwa moja? Jiografia je? Tunazisomesha kwa sababu zinamjenga mtu na zinamfungulia mlango wa chuo. Mwalimu, muuguzi, polisi, ofisa ustawi wa jamii, mwenye duka, anayepokea wageni hotelini, wote kazi yao ni watu. Na hawa vijana wetu walioingia kwenye unga, nani anawakalisha chini? Dawa ya methadoni ipo, nyumba za kuwahifadhi waraibu zipo, lakini kazi ya kuzungumza na kijana mpaka arudi kuwa mtu inataka waliosoma. Kwa hilo hatujafika popote.

"Walimu hawapo." Hapa mna hoja, siwezi kukataa. Ila kila mwalimu aliyepita chuo cha ualimu amesoma saikolojia ya elimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara nzima ya saikolojia ya elimu na mitaala. Tusianze skuli zote. Tuanze na skuli mbili Unguja na moja Pemba, wenye nia, tuone miaka miwili. Kila somo lilianza hivyo.

"Watoto watajipa magonjwa." Hii ndiyo hoja inayoniogopesha kidogo, kwa sababu ni kweli. Lakini hebu shika simu ya mwanao utazame. Tayari wanajipa. Video ya sekunde 40 inamwambia "ukiwa na dalili hizi tano una ugonjwa fulani", na mtoto anaamini. Kisha anamwambia mama yake kuwa yeye ana jina la ugonjwa ambalo hata mimi nalitafuta kwenye kitabu. Somo zuri la saikolojia lingemfundisha kinyume chake: utafiti unafanywaje, watu wangapi waliulizwa, kwa nini mambo mawili yakitokea pamoja haina maana moja ndiyo sababu ya jengine, na kwa nini mtu asijipime mwenyewe. Mtoto wa namna hiyo hadanganyiki na video, wala na mganga anayetaka laki tatu.

Na kwa mama anayejali matokeo tu, namjua yupo, na simlaumu, nina hili. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, anahifadhi silabi zisizo na maana kisha anajipima kasahau ngapi. Aligundua tunasahau haraka sana mwanzoni, halafu kasi inapungua, na kwamba ukirudia kidogo kidogo kwa siku tofauti unashika zaidi kuliko kukalia kitu usiku mmoja. Watoto wetu wanakesha wiki ya mtihani, tuisheni asubuhi, tuisheni jioni, macho mekundu. Miaka zaidi ya mia moja elimu ya kujifunza ipo, na hatujawaambia wanaojifunza.

Sasa na mimi niseme yangu, ili msidhani nauza dawa ya kila ugonjwa. Somo peke yake halitamtibu mtu. Likifundishwa kwa kukaririsha majina ya wazungu na miaka yao, bora lisianze. Mwalimu asigeuke kuwa mganga wa darasa, mtoto asimame mbele ya wenzake aelezwe ana kasoro gani. Pawe na mifano ya kwetu, na pawe na mahali pa kumpeleka mtoto anayehitaji msaada wa kweli. Vinginevyo tunamfungulia mtu kidonda halafu tunamwambia kengele imelia.

Lakini sababu za kungoja zaidi sizioni. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja kati ya saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Chukua darasa la wanafunzi 42 uhesabu mwenyewe. Linasema tena, katika kina mama waliojifungua karibuni, karibu asilimia 13 wana tatizo la akili, hasa sonona, na katika nchi kama zetu wanakaribia asilimia 20. Yule binti wa kidato cha sita leo, baada ya miaka michache ndiye anayelala wodini kwangu na mtoto kifuani. Kama sote tungefundishwa mapema, mume, mkwe na yeye mwenyewe, nisingesikia tena "hana shukurani huyu, kapewa mtoto mzima analia nini".

Na Afrika wameshaonyesha kwamba msaada wa kwanza hauhitaji daktari bingwa kila mara. Zimbabwe, mwaka 2006, Dokta Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kusikiliza, akawapa benchi la kukaa na mwenye shida. Hapa Kenya, kijana anaitwa Tom Osborn kaanzisha mpango wa Shamiri, ambao vijana waliomaliza sekondari si muda mrefu wanaongoza vikundi vya wanafunzi. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zilipungua kwa wanafunzi wale. Bibi kaweza, kijana wa miaka 20 kaweza. Mtoto wetu wa kidato cha sita mwenye kitabu na mwalimu atashindwa nini?

Kwa hiyo jirani yangu, na wewe unayesoma, hili ndilo ninalokwambia ufanye leo, kabla wakubwa hawajakaa vikao vyao.

Moja. Usimvunje moyo. Akikwambia anataka saikolojia, muulize kwa nini, kisha nyamaza umsikilize. Mara nyengine mtoto anayetaka kuisoma anatafuta jina la kitu kinachomuuma mwenyewe. Jirani yangu alipokuwa hayupo nilimuuliza yule binti. Jibu lake ni la kwake, sitoliandika, ila mama yake sasa analijua na wamekumbatiana.

Mbili. Njia ipo ingawa ni ya kuzunguka. Daktari wa magonjwa ya akili lazima asome udaktari kwanza, kwa hiyo huyo fizikia, kemia na baiolojia hazikwepeki. Mwanasaikolojia ni mtu mwengine, hasomei udaktari, na anaweza kupitia ualimu au sayansi za jamii. Baada ya shahada ya kwanza, Muhimbili wana shahada ya pili ya saikolojia ya tiba. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu inatoa mwongozo wa sifa za kujiunga. Usome pamoja na mwanao kabla hajachagua kombi, msiende kwa kusikia.

Tatu. Kwenye mkutano wa wazazi skuli, suali lisiwe la michango na sare tu. Simama uulize, "Mwalimu wa ushauri nasaha ni nani, na mtoto anamwona saa ngapi?" Ukisikia kimya, uliza tena mkutano ujao. Na mwambie mwenye kamati aliandike suali la somo la saikolojia lifike wizarani. Mambo mengi yamebadilika visiwa hivi kwa sababu kina mama walichoka kunyamaza.

Nne. Mwanao akihema, akikakamaa, akisema moyo unatoka, mlete hospitali apimwe, kwa sababu kuna maradhi mengine ya kweli yanafanana na hofu. Akionekana mzima, usiseme "huna kitu". Mkalie karibu, mwambie apumue taratibu, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Akikwambia anatamani asiwepo, usimhutubie na usimwache peke yake. Mlete siku hiyo hiyo, hata iwe saa nane za usiku. Na nesi akikujibu kama nilivyojibu mimi usiku ule, usiondoke. Mwambie aite mwengine.

Yule binti wa kisa changu nilipomuomba ruhusa ya kuandika haya, aliniuliza jambo moja tu: "Watasoma na wanafunzi, au wazazi peke yao?" Nikamwambia wanaonisoma wengi ni kina mama. Akasema, "Basi waambie wawasomee watoto wao kwa sauti."

Msomee mwanao leo usiku, ukishamaliza kuosha vyombo.

Sehemu ya 12 inshaallah ni chanjo, na safari hii siahirishi. Nakwenda kulala, zamu yangu inaanza saa moja.